Kigari cha Gofu Kilichokosa Pumzi

Machi mwaka jana nilinunua kigari cha gofu cha petroli kilichotengenezwa mwaka 1994, kwa dola 1,600, ingawa sijawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwangu. Tunaishi Peachtree City, mji ulio kusini mwa Atlanta katika jimbo la Georgia, na hapa kigari cha gofu si chombo cha mchezo tu. Mji una njia za lami zenye urefu unaozidi kilomita 160, zilizotengwa kwa ajili ya vigari, baiskeli na waendao kwa miguu, nazo hupita msituni, nyuma ya nyumba za watu na chini ya barabara kuu hadi madukani, shuleni na kando ya ziwa. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kukaa nasi, na magoti yake hayamruhusu tena kutembea mwendo mrefu. Nilitaka awe na njia ya kutoka nje bila kupandishwa na kushushwa kwenye gari kubwa, aone watu, aone maji, apigwe na upepo.

Vigari vya umeme vilikuwepo vya bei hiyohiyo, lakini vyote vilikuwa na betri zilizochoka, na kubadilisha seti nzima ya betri kungekula zaidi ya nusu ya bei ya chombo chenyewe. Nikachagua petroli, kwa kuwa nilikulia kwenye nyumba ambayo injini zilifunguliwa uani kila wiki, na niliamini kwamba injini ndogo ya silinda moja haiwezi kunishinda. Imani hiyo ilinigharimu pesa, miezi minne, na nusura nyusi zangu. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye kigari cha zamani kinachozima njiani, ili asipite nilikopita.

Kwanza nieleze namna chombo hiki kinavyofanya kazi, maana kinatofautiana na gari au pikipiki kwa jambo moja muhimu: ukiondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, injini inazima kabisa. Haibaki ikinguruma taratibu. Ukikanyaga tena, swichi ndogo iliyounganishwa na pedali inaunganisha njia ya umeme, solenoidi, yaani swichi kubwa ya sumaku, inagonga, na stata, ile mota ya kuwashia, inaizungusha injini kwa mkanda. Injini ikishawaka, stata hiyohiyo inageuka jenereta na kuanza kuichaji betri. Nyuma kuna mkanda mwingine mpana, unaopeleka nguvu kwenye magurudumu kupitia klachi mbili zinazojibana na kujiachia zenyewe kulingana na mwendo. Kwa hiyo mtu asijaribu kuiwasha injini hii akiwa amejiinamia nyuma yake huku mwenzake anakanyaga pedali, kabla ya kuinua magurudumu ya nyuma kwa jeki, kukiegemeza kigari juu ya stendi imara na kuyazuia ya mbele kwa magogo. Injini ikishika, kigari kinaondoka.

Siku ya kununua nilikiendesha kwa dakika kumi, kikanifurahisha. Aliyeniuzia alikuwa ametoka kujaza mafuta muda huohuo, nami nikaona huo ni ukarimu. Baadaye nilielewa kwamba kufunguliwa kwa kifuniko cha tangi asubuhi ile ndiko kulikofanya kigari kiende vizuri. Simshuku muuzaji, kwani huenda hata yeye hakujua. Ila kosa la kwanza lilikuwa langu: chombo cha zamani huendeshwa kwa nusu saa kamili kabla ya pesa kutoka mfukoni, tena mlimani, tena baada ya kusimama na kuwashwa upya.

Wiki ya pili kilizima. Tulikuwa mimi na Mama, tukirudi kutoka ziwani, na kwanza kilianza kukosa nguvu kwenye mwinuko mdogo, kikakohoa mara mbili, kikanyamaza. Stata ilizunguka vizuri lakini injini haikushika. Tulikaa pale kwa dakika kumi na tano hivi, watu wakitupita na kutuuliza kama tunahitaji msaada, kisha nikakanyaga pedali bila matumaini, nacho kikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Hali hiyo ilijirudia karibu kila safari: kinakwenda vizuri, kinachoka, kinazima, kinapumzika, kinawaka.

Nilikuwa na jibu kabla ya kupima chochote. Kinazima kikipata moto na kuwaka kikipoa, basi tatizo ni joto. Na kifaa kinachojulikana kufa kikipata joto ni koili ya kuwashia, ile inayoipa plagi umeme mkali wa cheche. Maelezo hayo si ya uongo, kwa sababu waya mwembamba ndani ya koili iliyozeeka unaweza kweli kukatika kwa joto na kuungana tena unapopoa. Tatizo ni kwamba nilichukua jambo linalowezekana nikalifanya kuwa jambo lililotokea. Nilinunua koili kwa dola 84 na plagi kwa dola 6. Kigari kikazima palepale. Nikadhani labda umeme wenyewe ni hafifu, nikanunua betri kwa dola 118. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia inapaswa kusoma karibu volti 12.6 kwenye mita, na nilipoipima ile ya zamani, baada ya kuwa nimekwisha kununua mpya, ilisoma hivyohivyo. Maduka mengi ya vipuri vya magari hapa Marekani hupima betri bila malipo. Ningeipeleka kwanza, ningerudi na dola zangu.

Baada ya betri nikahamia kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Sikufungua ile ya asili. Niliagiza mpya ya bei nafuu, isiyo ya mtengenezaji wa injini, kwa dola 57, nikaifunga kwa saa moja na kujipongeza. Kigari kikaanza kutoa moshi mweusi na kunuka petroli, na tabia ya kuzima haikuondoka. Sasa nilikuwa na matatizo mawili, moja nilipewa na moja nimelitengeneza mwenyewe, na sikuweza tena kuyatenganisha. Hili ni jambo ambalo mafundi wa kweli hulikwepa kwa gharama yoyote. Kila kipuri kipya unachofunga bila kupima kinaingiza swali jipya kwenye injini, hasa kabureta ya kuiga ambayo jeti zake, vile vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta, hazikupimwa kwa ajili ya injini yako.

Kwenye hangaiko hilo ndipo nilipokaribia kuungua. Nilitaka kuona kama plagi inatoa cheche, nikaichomoa, nikaichomeka kwenye waya wake, nikailaza juu ya kichwa cha silinda, sentimita chache tu kutoka kwenye tundu lake, kisha nikamwomba kijana wangu akanyage pedali. Injini ilikuwa imejaa petroli kutokana na ile kabureta. Pistoni ilipopanda ikaupuliza mvuke wa petroli nje kupitia tundu la plagi, cheche ikaudaka, na ulimi wa moto wa urefu wa mkono ukaruka mbele ya uso wangu. Uliunguza vinyweleo vya mkono wa kulia na ncha za nyusi, ukazimika wenyewe. Tulikuwa nje, kwenye saruji, mbali na gereji ambamo hita ya maji ya gesi huwaka saa zote. Tungekuwa ndani, sijui. Mwanangu alitetemeka hadi jioni. Tangu siku hiyo natumia kipimo cha cheche, kifaa cha dola chache kinachokaa kati ya waya na plagi, nikaona cheche bila kuiacha wazi. Asiye nacho aipeleke plagi mbali na tundu, aiunganishe na chuma cha injini kwa waya mrefu, na azibe tundu kwa kitambaa. Kizimamoto kiwe karibu na mkono.

Nikamwita fundi nyumbani. Alitoza dola 120 kwa kuja, akaiwasha injini ikiwa baridi, akapima mbano wa silinda, yaani nguvu ambayo pistoni inaibana hewa ndani yake, akasema umeshuka sana, pistoni imekwisha, nibadilishe injini nzima kwa dola 1,900. Nilimwamini kwa siku nne. Kilichonirudisha nyuma ni kusoma kitabu cha mtengenezaji, ambacho ningepaswa kukisoma mwezi Machi. Injini ndogo nyingi za mipigo minne zina kidude kwenye kemshafti, ule mhimili unaoendesha valvu, kinachoifungua valvu kidogo wakati wa kuwasha, ili stata isipate shida ya kuusukuma mbano wote. Kwenye injini ya namna hiyo, kipimo cha kawaida cha mbano kitaonyesha namba ndogo hata kama silinda ni nzima. Kwa hiyo namba ile haikuthibitisha kwamba injini imekufa.

Wakati huo Mama alikuwa ameacha kuuliza lini tutakwenda ziwani. Nilipomwambia kwamba nitakitengeneza Jumamosi, alinijibu, "Usijitese, mwanangu, mimi kukaa ndani nimeshazoea." Hakusema kwa kulalamika. Yalikuwa maneno ya mtu anayempunguzia mwanawe mzigo, na usiku ule sikulala vizuri.

Ni yeye aliyeniambia nimpigie mdogo wake. Mjomba wangu ametengeneza injini za boti za wavuvi huko Tanga tangu kabla sijazaliwa, na sikumtafuta kwa sababu niliona boti na kigari cha gofu havihusiani. Nilipiga saa nne asubuhi ya huku, kule ikiwa saa kumi na moja jioni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Dada yangu anasema mashine imekutia adabu."

Nilimweleza yote kwa utaratibu: koili, betri, kabureta, fundi, mbano. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja. "Siku inapozima, dakika ileile, moto unakuwepo au haupo?"

Nikamwambia sijui. Cheche nilikuwa nimeipima mara nyingi, lakini nyumbani, injini ikiwa imepoa na haina ugonjwa wowote.

"Basi ulikuwa unampima mgonjwa siku aliyopona," akasema. "Usinunue kitu kingine. Beba vifaa vyako, nenda nayo mpaka izime, halafu uiangalie palepale kabla haijapumzika. Moto kwanza, kisha mafuta. Na hiyo habari ya joto umeijuaje? Umepima joto, au umehesabu dakika?"

Swali hilo la mwisho lilinifungua macho kuliko yote. Injini inapopata joto, muda nao unakuwa unapita, na mtu anayekaa kwenye usukani hawezi kutofautisha kinachosababishwa na joto na kinachosababishwa na muda. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika kila safari, na humo mlikuwa na jambo ambalo sikulielewa: siku nilizojaza tangi, kigari kilizima mapema zaidi, wakati mwingine ndani ya dakika kumi na mbili, na siku ambazo mafuta yalikuwa yamebaki kidogo kilikwenda hata nusu saa. Joto la injini halijui tangi lina lita ngapi. Nilikuwa nimeandika jibu kwa mkono wangu mwenyewe na kulifungia daftarini.

Jumamosi ile nilijaza tangi, nikapakia spana ya plagi, kipimo cha cheche, chupa safi ya kioo, kipande cha mpira wa mafuta, koleo, matambara na kizimamoto, nikaondoka peke yangu. Kilizima baada ya dakika kumi na tatu, kwenye kivuli cha misonobari. Nilifunga breki, nikatoa gia, nikaanza kazi haraka kabla hakijapumzika. Cheche ilikuwepo, ya buluu na yenye nguvu, kila mzunguko. Kwa hiyo koili mpya, plagi mpya na betri mpya vilikuwa havina hatia, na bila shaka vile vya zamani pia. Kisha nikakata njia ya cheche kwa kuuunganisha waya wa plagi na chuma cha injini, nikauchomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, nikauelekeza ndani ya chupa, na kuizungusha stata kwa sekunde chache. Petroli ilipaswa kuruka kwa mapigo yanayofuatana. Yalitoka matone matatu, kisha mpira ukanyamaza.

Nikampigia Mjomba kwa video, kwake kulikuwa kumeanza kuwa giza. Nikamwonyesha chupa. Hakuniuliza habari ya pampu. Aliniambia, "Fungua kifuniko cha tangi taratibu, na usiseme neno."

Nikakilegeza. Kilitoa mlio mrefu, fyuuu, wa hewa inayovutwa kuingia ndani. Nikaizungusha stata tena, na petroli ikaruka ndani ya chupa mpaka ikapita nusu.

Mjomba akaeleza kwamba matangi ya kubebeka ya boti yana kijiskrubu cha kupumulia juu ya kifuniko, na kila kijana mgeni wa kazi hukisahau angalau mara moja. Anaondoka ufukweni na kijiskrubu kimefungwa, injini inanyonya mafuta, hewa haiingii kujaza nafasi yake, tangi linabaki na mvuto unaoshindana na pampu, na boti inazima katikati ya maji. Tangi likijaa, hewa iliyo juu ya mafuta ni kidogo, hivyo mvuto unafika kilele mapema. Tangi likiwa karibu tupu, hewa ni nyingi na inachukua muda. Injini ikipumzika, hewa hupenya polepole kwenye nyuzi za kifuniko, na mashine inawaka tena. Daftari langu lote lilikuwa humo.

Niligeuza kifuniko nikakitazama kwa karibu. Kwa juu, chini ya kikombe kidogo cha plastiki, kulikuwa na tundu lisilozidi unene wa kijiti cha kiberiti, nalo lilizibwa na donge gumu la udongo mwekundu, laini kwa nje kama lililopakwa kwa kidole. Ni kazi ya nyigu wale wanaojenga kwa tope, ambao hapa Georgia huziba kila kitundu wanachokikuta, kuanzia vichwa vya bomba hadi mabomba ya ekzosi ya mashine za kukatia nyasi. Udongo wenyewe ni uleule mwekundu wa kwetu Muheza, mkoani Tanga. Nililikwangua kwa kijiti, nikapuliza, nikaona mwanga upande wa pili.

Nataka niseme jambo ambalo linaniuma zaidi ya pesa. Tangi la kigari hiki liko chini ya kiti, upande anaokaa Mama. Nilipomsimulia juu ya ule mlio, aliniambia bila kushangaa kwamba kila nilipofungua kujaza mafuta alikuwa akiusikia, na mara moja, mwezi Aprili, aliniuliza ni nini kinachopumua humo. Nilikumbuka. Nilimjibu kwamba ni mvuke wa petroli, nikaendelea kumimina. Mtu anayekaa kwenye chombo kila siku husikia mambo ambayo fundi hayasikii, na ushahidi wake una haki ya kuandikwa daftarini hata kama hajui jina la kifaa kimoja.

Kuzima kuliisha siku ile, lakini kigari kilibaki na moshi mweusi na uzito mlimani, ambao ulikuwa mzigo niliouleta mimi na ile kabureta ya kuiga. Nikairudisha ya asili. Safari hii niliifungua kabisa juu ya sinia nyeupe, nikipiga picha kila hatua. Ndani ya bakuli lake mlikuwa na utando wa rangi ya kahawia, kama mabaki ya chai iliyokauka. Petroli inayouzwa kwenye vituo vingi vya Marekani huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli huvuta unyevu. Mafuta yakikaa miezi kadhaa bila kutumika, yanaacha gundi na kutu kwenye njia nyembamba. Jeti ndogo ilikuwa imeziba zaidi ya nusu. Nilizisafisha kwa dawa ya kabureta, macho yakiwa yamefunikwa kwa miwani, na pale ilipogoma nilitumia uzi mmoja wa waya wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Waya wa chuma usitumike hata kidogo, kwa sababu jeti ni shaba nyeupe laini na tundu lake likipanuka kwa unywele mmoja, injini itakunywa mafuta kupita kiasi maisha yake yote. Vitu vya mpira vitolewe kabla ya dawa kupulizwa; mimi niliisahau gasketi ya bakuli, ikavimba hata haikurudi mahali pake, ikabidi ninunue seti nyingine na kusubiri siku tano.

Nilipokuwa nimefungua huko ndipo nilipouona mpira mwembamba unaotoka kwenye injini kwenda kwenye pampu ya mafuta. Pampu ya kigari hiki haina mota. Ndani yake kuna utando unaochezeshwa na mapigo ya hewa yanayotoka kwenye sanduku la kreki, chini ya pistoni, wakati pistoni inapanda na kushuka, na mapigo hayo yanasafiri kwa mpira huo. Wangu ulikuwa na nyufa kwenye mkunjo, za kuonekana ukiukunja kwa vidole. Haukuwa umepasuka hadi mwisho, lakini mpira unaovuja hapo hudhoofisha pampu, na nadhani ndiyo maana pampu ilishindwa na mvuto wa tangi mapema hivyo. Mpira mpya unaostahimili mafuta ulikuwa dola 7. Nikabadilisha na filta zote mbili za petroli, nikiangalia mshale wa uelekeo, maana mtu aliyenitangulia alikuwa ameifunga moja kinyume.

Mwisho nilipima nafasi ya valvu, yaani mwanya mwembamba kati ya valvu na mkono unaoisukuma, jambo ambalo ningeliogopa miezi mitatu kabla. Kitabu cha injini yangu kinataka milimita 0.10 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa na pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa mbano. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imebana kiasi kwamba hata kipimo chembamba zaidi hakikupita. Valvu inayobana haikai vizuri kwenye kiti chake, mbano unavuja, na mwishowe inaungua ukingo. Kuirekebisha kulihitaji spana mbili, bisibisi na subira ya nusu saa. Nguvu iliyorudi mlimani baada ya hapo ilinishangaza, na nikamkumbuka yule fundi aliyesema silinda imekwisha. Alichokipima kilikuwepo kwa sehemu. Alichokosa ni kuuliza sababu yake kabla ya kuhukumu.

Nimeandika hesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Vitu ambavyo havikuhitajika, yaani koili, plagi, betri, kabureta na ujio wa fundi, vilinigharimu dola 385. Vitu vilivyotibu kigari, yaani mpira, seti ya gasketi, filta mbili na oili mpya, vilinigharimu dola 45, na dawa ya ugonjwa mkubwa ilikuwa kijiti. Vipuri vya asili vya vigari hivi havina shida kupatikana hapa, kwa kuwa watengenezaji wakubwa wawili, E-Z-GO na Club Car, wote wako eneo la Augusta, jimboni humuhumu. Petroli mbovu niliyoitoa sikuimwaga ardhini. Niliihifadhi kwenye dumu la petroli na kuipeleka siku ambayo kaunti inapokea taka za hatari. Sasa nanunua petroli isiyo na ethanoli kwenye kituo kinachoiuza, ni ghali kidogo, na majira ya baridi natia dawa ya kutunza mafuta kisha naiendesha injini dakika kumi ili dawa ifike kwenye kabureta. Juu ya tundu la kifuniko nimefunga kipande cha wavu mwembamba wa shaba, unaopitisha hewa na kumzuia nyigu. Anayetaka kununua kifuniko kipya ahakikishe kwamba ni kile kinachopumua, kwani visivyopumua vinauzwa rafu hiyohiyo, na nyuzi zake zinaingia vilevile.

Septemba tulikwenda ziwani kwa njia ndefu, dakika arobaini bila kusimama, tangi likiwa limejaa. Mama alikuwa amejifunga khanga juu ya sweta na kushika chupa ya chai ya tangawizi katikati ya miguu. Tulipofika kwenye benchi alilolipenda sikuharakisha kumshusha. Alijisogeza pembeni, akanyanyua mto wa kiti mwenyewe, akaniambia, "Fungua kifuniko tusikie."

Nikakilegeza taratibu. Tuliinama wote wawili, vichwa vikikaribia kugusana, tukasikiliza. Bata walikuwa wakipiga kelele majini, na kwenye tangi hapakuwa na mlio wowote.

"Funga," akasema, "sasa unaweza kumpigia mjomba wako."